Majina Arobaini ya Makambako

Mjimwema, Njombe
14 Julai 1958

Kwa kaka yangu mpendwa Enoki,

Kamwene, kaka. Kabla ya yote, keti vizuri, maana anayekuandikia ndiye mwanasiasa mkubwa kuliko wote toka Njombe hadi Dar es Salaam. Malkia angenijua angekuwa amekwisha nitumia kofia yake, nami ningeirudisha.

Mimi ni mzima. Mama ni mzima isipokuwa magoti, na bibi yupo na ukali wake uleule. Shaka yetu ni juu yako tu huko kwenye mkonge. Barua mbili hukujibu. Kila lori likisimama hapa mama anatoka kumwuliza dereva, nami namwambia umenenepa hata vidole havishiki kalamu. Lakini hii uijibu, tena kwa mkono wako mwenyewe. Sababu utaikuta mbele.

Unanijua kwa siasa. Tangu nilipofukuzwa darasa la nne kwa kumwuliza mwalimu ni nani aliyempigia kura Gavana, hakuna mkutano ulionipita. Ilembula nilikwenda kwa miguu, nikarudi sina kisigino. Basi Bwana Nikodemo, katibu mpya wa chama, mgeni bado hapa kwetu, akatangaza kwamba mgombea wetu anakuja Makambako, na kijana atakayepeleka majina arobaini ya watu wapya ndiye atakayekuwa kiongozi wa vijana. Nikamjibu kwamba arobaini ni uji wa asubuhi tu, aniongezee.

Kaka, watu wa hapa ni waoga! Huyu anamwogopa Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, mwingine anasema atafukuzwa kazi ya kumenya magome ya miti ya miwati. Emilia wako alisema ataandikisha jina siku nitakayojifunza kuoga. Wiki nzima sikupata hata mmoja.

Ndipo nikachukua daftari nikaenda makaburini, nyuma ya kanisa. Usikasirike. Misalaba ile uliiandika wewe mwenyewe kwa rangi nyeusi kabla hujaenda mkonge, na mwandiko wako unasomeka kuliko wa mchungaji. Nilinakili majina thelathini na tisa, na la mwisho nikalitoa kichwani. Nilijua karatasi itapokewa na kuwekwa mfukoni. Na hawa angalau hawamwogopi Bwana Shauri.

Jumamosi tukapanda lori la magome, mimi na Tarsis, yule rafiki yangu wa misheni ya Wakatoliki. Wengine wote waliokuwamo ni magome. Tulipofika Makambako ilikuwa saa nne asubuhi, na ule upepo wa kule unaoujua, wa kung'oa mabati, haukuwapo kabisa. Ulikuwapo ukungu. Hatua ishirini mbele yako huoni kitu. Watu waliosimama mbele niliwaona, labda sitini, wote wageni kwangu. Nyuma yao kulikuwa na weupe mtupu.

Mgombea alihutubia vizuri, ingawa mimi ningehutubia vizuri zaidi. Kisha akasema anataka kuwasikia hao watu wapya wa Njombe kwa sauti zao, kila mmoja aitwe aitike, kama shuleni. Bwana Nikodemo akachukua lile bomba la bati la kupazia sauti, akafungua karatasi yangu. Nikatafuta njia ya kukimbilia, nikaona ukungu tu.

Akamwita mzee Abrahamu, fundi seremala. Kule nyuma mtu akakohoa mara tatu, kikohozi kile cha vumbi la mbao, akasema yupo.

Nikajiambia ni mhuni fulani anatania. Akaitwa Hulda, akaitika kwa ile sauti yake ya kuongoza kwaya. Akaitwa Tabea, yule aliyefariki akijifungua mwaka juzi. Akaitika polepole, na baada yake kitoto kikalia. Watu wa mbele wakapiga makofi. Kila jina makofi. Tarsis akaninong'oneza nimewaleta wote hawa kwa lori gani, nami nilikuwa nimeshika mkono wake kama mtoto wa kike. Hilo usimwambie Emilia.

Majina yote yaliitikiwa. Wakanitangaza kiongozi wa vijana, wakanibeba juu. Nikiwa mabegani mwa watu ukungu ukafunguka, nikatazama kule nyuma. Nyasi zilikuwa zimesimama, umande juu yake mzima, haukukanyagwa hata na kuku.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia bibi peke yake. Hakunipiga, nikaogopa zaidi. Aliniuliza nimewamwagia nini. Akasema marehemu huitwa na wa ukoo wake, kaburini pake, na anayeita awe na pombe ya ulanzi au unga wa kumwaga. Mimi nimewaita uwanjani mikono mitupu, kwa hiyo bado wamesimama. Tangu jana nazunguka misalaba na kibuyu, jina kwa jina. Nimemaliza thelathini na tisa.

Mama anakusalimu sana. Emilia anakusalimu, ameshona shuka na hasemi ni ya nani. Bibi hakutuma salamu. Alisema nikuulize tu kama upo.

Sasa niseme. Kichwani nilikuwa na jina moja tu la kutimiza arobaini. Nilikuandika wewe, kaka, chini ya wale, wino uleule. Na bomba lilipoita Enoki Mligo, mtu akaitika mara mbili, "Nipo, nipo," vilevile ulivyokuwa ukiitika shuleni ukachapwa kwa kurudia. Sikupiga makofi.

Bibi ananiuliza kibuyu cha mwisho nitakimwaga wapi, nami nimekataa kukimwaga, nimekificha. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea karatasi tupu na stempu. Usijisumbue na habari. Andika hilo neno lako tu, kwa mwandiko ule wa misalabani, hata mara mbili. Hapa hakuna atakayekuchapa.

Ni mimi mdogo wako,
Manase