Mvua Iliyo Kwenye Gorogoro

Doha, Jumatano

Kwa dada yangu Kerubo,

Bwakire. Natumai hujambo, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Nimeandika kwa mkono, nitaipiga picha nikutumie uisome kwa sauti mbele ya Tata, huyu baba yetu mkaidi, maana nikimpigia ananiambia anachuna chai, halafu anakata. Barua hawezi kuikata.

Nianze na ya huku. Wiki iliyopita kazini mwenzetu mmoja, Mkamba, alianguka akiwa amebeba mabomba. Joto lilikuwa limepita kiasi, tukaomba kupumzika. Msimamizi akatoa simu yake akasema bado, halijafika kiwango cha kusimamisha kazi. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinaonyesha limefika zamani. Tulimbeba wenyewe hadi kivulini, na mpaka leo yuko hospitali. Nilimuuliza mtu wa usalama kwa nini simu ilidanganya. Akasema haikudanganya, ilikuwa inasoma chombo cha mbali, kule kwenye upepo wa bahari. Mahali pasipo na chombo, inakisia tu.

Nikamwonyesha utabiri wa kwetu Manga kwenye simu yangu. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaniambia huko kompyuta imechukua mlima wetu na mabonde yote ya kuelekea ziwani, ikaviweka kwenye mraba mmoja, ikatoa mvua ya wastani. Kerubo, mvua ya wastani hainyeshei mtu yeyote.

Ndipo nikakuomba uweke gorogoro tupu uani, ule mkebe wa kupimia mahindi. Jumapili simu ilisema manyunyu, na wewe ukapima maji vidole vinne. Jumatatu ikasema manyunyu tena, ukapima vitatu. Siku hizo zote Tata anawaambia majirani waanike mahindi, nao wanaanika, kwa sababu simu imetoka kwa mwanawe aliye Uarabuni. Mahindi yao yameloa mara mbili na bado anasema eti simu ilichelewa kidogo. Najua inamwia aibu kuhama hapo chini ya mlima kwa sababu ya mvua ambayo yeye mwenyewe amesema haipo.

Sasa Tata, hapa nasema na wewe. Zamani ulikuwa ukitazama ukungu juu ya ukingo wa mlima, unatuita tuondoe wimbi lililoanikwa uani, na wimbi letu halikuwahi kuloa. Mimi ndiye niliyekuletea hiyo simu na kukucheka kwa kutazama juu. Na Mama aliponiambia ardhi imepasuka nyuma ya jikoni, mimi ndiye niliyemjibu, "Mama, acha woga, wiki hii ni manyunyu tu." Wakati huo ufa ulikuwa wa kuingiza kidole. Kerubo ananiambia sasa unameza mkono hadi kwenye kiwiko, na ule mkaratusi umeinamia paa.

Nimekosa, Tata. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi, lakini nikasirikie ukiwa Itumbe kwa shangazi, ambako nyumba haina mlima mgongoni. Ng'ombe mwende naye. Chai itachunwa mkirudi. Wewe hupenda kutuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu hauzibiki, Tata, huu ni wa kukimbiwa.

Na kabla hamjatoka, pita kwa majirani walio chini yetu uwaambie ulichowaambia hakikuwa sawa. Uwaambie wewe mwenyewe, maana ni wewe wanayekuamini. Wakicheka, waonyeshe gorogoro.

Kerubo, Mama asirudi kuchukua sufuria. Bibi atalalamika kubebwa kwa pikipiki. Mwache alalamike hadi Itumbe. Mzee wa kanisa akija na maombi, mwambie nashukuru sana, ila aombe mkiwa njiani. Msalimie shangazi, mama yetu wa pili, umwambie nimemletea wageni bila kumwuliza. Msalimie na mumeo, naye anisamehe kwa kukukalisha huko kwetu wiki nzima ukipima maji.

Nikisikia sauti ya Tata kutoka Itumbe, hata akinitukana, nitalala.

Ni mimi kaka yako,
Mogaka

Kabla sijaipiga picha nimeangalia simu tena. Kwa Manga, kesho inaonyesha jua. Tokeni leo.