Nafasi Yangu ya Uigizaji

Chiwanda

Dada Salma, shikamoo.

Chuo cha filamu kilituahidi nafasi tele: kuongoza, kushika kamera, hata kusoma ng'ambo. Mimi, kwa kitambi changu, nikapewa nafasi ya kuigiza mnyonyaji anayewapunja wakulima mahindi. Jana tuliwaonyesha wanakijiji wa hapa Chiwanda filamu hiyo. Leo nimekwenda ufukweni kununua samaki, mama muuzaji akafunika beseni lake.

"Kale mahindi uliyotuibia!"

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Na hicho kitambi nacho ni mchezo?"

Mwalimu wetu, huku akitafuna samaki wake, mbasa wa kukaanga, akanipongeza: nimefaulu, kwa hiyo filamu ijayo nitakuwa kabaila.

Msalimie Mama, umwambie mwanawe analijenga taifa kwa tumbo tupu.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi