Mlango Asioukumbuka Baba

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kanisa.
Jumapili jioni, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa najua salamu ya namna hiyo inakukera siku hizi. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba bado unabeba mizigo, na ukiulizwa unasema hujambo. Mwambie daktari ukweli, tafadhali, hata kama sisi umezoea kutudanganya. Na watoto je, bado wanabishana kuhusu nani mrefu?

Mimi mzima, na kazi ipo. Juzi nilikuwa nalivua kitambaa kochi la hoteli, nikakuta ndani yake meno ya bandia. Nimeyaweka dirishani, mwenyewe hajatokea. Mama mdogo naye mzima. Sikio lake la kushoto limeziba kabisa, kwa hiyo sasa anasikia yale tu anayotaka.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana utalisikia kwa wengine na watalitia chumvi.

Baba amerudi. Yule mwanamke wake amemtoa nje, na kabla ya kuja kwetu akapitia kanisani. Ameokoka, kaka. Jumapili iliyopita alibatizwa, na leo kapewa kipaza sauti atoe ushuhuda.

Alisimama mbele na suti ya kuazima, mikono ya koti imemfunika vidole, akalia. Akasema alikuwa mlevi, mzinzi, mtu aliyeipa familia yake kisogo, na kwamba Yesu ameyafuta yote. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alinishika mabega akaniambia nina bahati. Niliutazama ubao wa nambari za nyimbo mpaka makofi yakaisha. Halafu mchungaji akaniita nimshike baba mkono, iwe ishara kwamba ya zamani yamezikwa. Nikaenda. Ungefanya nini na kanisa zima limekugeuzia shingo? Kiganja chake kilikuwa laini kuliko changu. Changu kimejaa makovu ya misumari ya makochi.

Baada ya ibada nilimleta nyumbani ale. Mama mdogo alimsalimia, akachukua sahani yake akaenda kula uani.

Tulipobaki wawili nilimwambia ushuhuda nimeshausikia, nina swali moja tu.

"Baba, unaukumbuka mlango?"

"Mlango gani, mwanangu?"

Nilidhani anajificha. Nikamweleza polepole. Kwamba siku alipohama aliung'oa mlango wetu wa mbele, pamoja na bawaba na kitasa, kwa kuwa mbao alinunua yeye, akaupakia kwenye mkokoteni akaenda kuufunga kwa yule mwanamke. Kwamba mama alikuwa kitandani anakohoa. Kwamba msimu wote wa mvua tulitundika shuka mlangoni, na wewe, mtoto wa darasa la saba, ukawa unalala kizingitini na kipande cha nondo mkononi, asubuhi unasinzia darasani, mpaka mwalimu akachoka nawe na shule ikakuponyoka. Kwamba mama alikata roho upepo ukiingia.

Alinisikiliza, kaka. Alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka miwani. Kisha akasema, "Kama nilifanya hivyo, nisamehe. Lakini mbele za Mungu, sikumbuki."

Nikamtazama machoni, nikaona hasemi uongo. Hilo ndilo lililonikata maini. Angekana, ningemfukuza kwa raha zangu. Miaka yote hii mimi na wewe tumeubeba mlango ule, na aliyeung'oa alikwisha kuutua zamani, pengine siku ileile, wala hakuhitaji wokovu kuutua.

Niliingia karakana, nikajifungia, nikaketi juu ya rundo la sponji nikamlalamikia Mungu. Sikuomba vizuri. Nilimwambia amekuwa mwepesi mno kwa huyu mzee, na kwamba kabla ya kumfutia angeniuliza kwanza mimi. Nilipochoka kulia nikajikuta nasema, "Basi, Bwana, mchukue wewe. Mimi siwezi tena kumshika." Sikusema kwa upendo. Nilisema kama mtu anayetua kochi zito katikati ya ngazi kwa kuwa mikono imekufa ganzi.

Nikarudi nikamwambia nimemsamehe. Nikamwambia pia kwamba hatahamia hapa. Akauliza huo ni msamaha gani.

"Huo ndio nilio nao, baba," nikamjibu. "Mwingine sina."

Mchungaji amempa kile chumba cha mlinzi pale kanisani, nami nitampelekea chakula siku ninazoweza. Wazee wa kanisa wamenuna. Wanasema aliyefanywa mtu mpya hupokelewa nyumbani. Wao hawakulala katika nyumba ile.

Sikuandikii ili uje, wala ili umpende. Ulisema hutakanyaga huku mpaka apige magoti akiri kosa moja moja. Hatakiri, kaka. Si kiburi, kichwani mwake mmefagiwa. Ukimngoja akumbuke, utazeeka ukingoja, na yeye atakuwa anaimba kwaya.

Mimi nimeacha kungoja. Usidhani nina furaha. Nyongo bado ipo kinywani. Mchungaji anahubiri kwamba mwanzo mpya ni mtamu. Wangu ni mchungu, lakini ni wangu, na nimeuanza.

Msalimie sana wifi. Watoto waambie shangazi yao anawawaza. Mama mdogo anasema ule ushibe. Mungu akulinde huko uliko, akutulize moyo kwa njia atakayoiona yeye, hata kama hutaki kumwomba.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba