Jina la Bwana Kubicek

Lindale, Illinois
12 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Natumaini goti limepoa na jua la Arizona linakutendea wema. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kung'ata.

Mkurugenzi wa shule aliniomba niandike kijitabu cha miaka mia ya wilaya yetu ya shule. Alinitania kwamba mwalimu wa historia hastaafu, anabadilisha kiti tu. Nikaanza kwa furaha: sekondari ya kwanza katikati ya mashamba ya vitunguu, ya pili, Mashariki, iliyojengwa watoto walipofurika baada ya vita, na leo wanafunzi elfu tatu, nusu yao wakiongea Kihispania nyumbani. Nilipofika 1984, mwaka Mashariki ilipofungwa nami nimebakiza mwaka mmoja kumaliza, nikaomba kumbukumbu za vikao vya faragha vya bodi ya shule. Siku hizi zinafunguliwa.

Baba, mji mzima unajua kwamba mjumbe mwenzako, Bwana Kubicek, ndiye aliyetoa hoja ya kuifunga, na wewe ukasimama ukumbini ukapinga huku unalia. Wewe ukashangiliwa. Yeye, bucha lake likakosa wateja mpaka akahama. Kumbe faraghani hoja ilikuwa yako! Imeandikwa kwamba kura za kutosha zilishapatikana, ukamwomba aisome yeye hadharani kwa sababu Aprili ulikuwa unagombea tena kiti chako. Akakujibu, haya Otto, watanizomea wiki mbili, halafu watasahau. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakipigia makofi.

Sasa nikwambie nisilowahi kulitamka. Ni mimi niliyeandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa bucha lile. Lakini wewe ulijua. Asubuhi ile ulinikuta kwenye sinki, ukachukua tapentaini ya kuondolea rangi, ukanisugua kidole kimoja kimoja, ukisema pole mwanangu, shule yako inakuuma. Nina hasira nawe, Baba, na zaidi ya hasira nimeumia.

Kijitabu kimeshakwenda kwa mchapaji, na hoja ina jina lako. Jumapili nakwenda kwa Darlene, binti wa Bwana Kubicek, kumwambia mkono uliopaka ni wangu. Nani aliyeusafisha, nitakuachia wewe umweleze. Usinipigie simu kabla hujampigia yeye.

Wasalimie wenzako wa karata, na dawa za presha usiruke.

Ni mimi, bado binti yako,
Marlene