Tumekubali

Bariadi, Jumanne usiku

Bado nimenuna, ingawa mwenyewe najicheka.

Leo nilimsindikiza mke wangu, Mama Kulwa, kliniki, anafikiria kufunga kizazi. Nesi alimweleza yote: upasuaji, madhara, na kwamba kurudi nyuma ni shida. Kila alipomuuliza, "Mama, umeelewa? Umekubali?" nilijibu mimi: "Tumekubali."

Nesi akanigeukia: "Baba, kizazi ni chako?"

Nikatolewa nje. Kwenye benchi niliwakuta waume wengine wawili, nao wametolewa. Tukaongea habari za pamba kwa heshima zote.

Mke wangu akatoka anacheka. "Mimi bado natafakari. Ila nesi anasema wanaume nao wanafungwa, tena ni rahisi zaidi. Baba Kulwa, nirudi nikamwambie tumekubali?"

Nikamwambia mimi nahitaji kuelezwa kwanza, polepole, bila mtu wa kunijibia.