Jina la Mama Mwansa

Mujukuu wangu Mwansa,

Huku Bel-Air tuko bazima. Kambo yako mwanamuke angali anagombana na kuku za jirani.

Unauliza juu ya nini sisi Bakasai tulikupatia jina la Kibemba. Wakati wa sécession, Katanga ilipojitenga, nilikuwa avoka, natetea mu tribinali fundi cherehani mumoja wa kwetu. Balitaka kumufukuza mu Katanga juu ni Mukasai. Ningali nasema Kifaransa changu kirefu, jirani yake, Mama Mwansa, Mubemba, mwenyeji wa Katanga, akasimama: «Ku kilio cha mutoto wangu, huyu ndiye alichimba kaburi. Mukimufukuza, mimi atanizika nani?»

Juge akamuachilia. Kila nikikuita, namushukuru ule mama.

Alikufa mu mwezi weye ulizaliwa. Fundi, muzee tayari, alikatalia bavijana jembe. Alichimba peke yake.

Kambo yako