Fundi wa Buyenzi Amenirudisha Kwako

Shikamoo Bibi,

Ujiji hamjambo? Huku Buyenzi, ng'ambo ya mpaka, jasho linadondokea daftari. Lile somo langu la ziada chuoni, la nchi za Maziwa Makuu, limenileta gereji kumhoji mzee fundi kuhusu historia ya mtaa huu. Amewazoea wanafunzi.

"Somo yako kubwa ao ndogo?"

"Dogo."

"Basi nitajibu kifupi."

Kisha akaniuliza kwetu ni wapi, nikakutaja. Akaweka spana chini. "Mama Zena? Yeye njo alizaliwa hapa! Mi nilikuja juzi tu. Rudia kwenu, umuulize."

Nimevuka mpaka na barua ya chuo ili nielekezwe jikoni kwako. Na kila ulipoanza kunisimulia, nilikuambia nina mtihani.

Mungu akutunze, Bibi. Akija mtafiti mwingine kabla sijafika, mwambie umelala.

Mjukuu wako,
Zuhura